MSITU NI MALI YA MKIWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeotesha miti katika ardhi na kukipimia kila kitu kadiri yake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, enyi ndugu Waislamu wa pwani, ya kuwa katika mkoa wa Singida uko mji mdogo uitwao Mkiwa, mahali ambapo njia itokayo Itigi hukutana na barabara kuu ya Manyoni na Singida. Mtu wa pwani alisikiapo jina hilo humkumbuka mkiwa, yaani aliyefiwa na walezi wake, akabaki hana wa kumsemea. Na upande wa Itigi kuna vichaka vya miti iliyosongamana katika ardhi ya mchanga, ambavyo namna yake haipatikani ila hapo katikati ya Tanzania na kaskazini ya Zambia. Sehemu kubwa ya vichaka hivyo imekwisha fyekwa. Basi msitu nao ni mkiwa: haujisemei, na mlafi hudhani hauna mwenyewe.

Mwenyezi Mungu ameonya katika Suratun Nisaa ya kuwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma hula moto matumboni mwao. Na katika Suratul Aaraf amekataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kuwa imekwisha tengenezwa. Mwenye akili na aziweke hukumu mbili hizi pamoja, kisha afikiri: mtoto atakayezaliwa kesho hana fungu katika kivuli, na mvua, na dawa za msitu wa leo?

Wala kuhifadhi ardhi kwa maslaha ya watu si jambo geni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) aliihifadhi Naqii, karibu na Madina, kwa farasi wa Waislamu. Sayyidna Omar bin Khattab naye alikuwa na hifadhi, akamweka Hunayy kuisimamia. Akamwusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Wala asiwafungulie mlango Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, na hao ni masahaba watukufu. Sababu yake ni kuwa tajiri wanyama wake wakifa ana mitende na mashamba ya kurejea, na maskini hana kitu. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba imamu aweza kuhifadhi ardhi isiyo na mwenyewe kwa malisho ya wanyama wa sadaka na ya watu dhaifu. Basi hifadhi ya haki ni ile inayomlinda dhaifu, si ile inayomfukuza.

Mfano wake ulionekana katika mkoa huo huo wa Singida. Msitu wa Mgori, wenye eneo la hekta zaidi ya 40,000, ulikuwa ukiliwa na mashoka, na mioto, na majangili. Serikali ilikusudia kuuchukua uwe hifadhi yake. Walakini mwaka 1995 ulinzi wake ulikabidhiwa vijiji vitano vilivyouzunguka. Kila kijiji kikashika sehemu yake, kikatunga sheria zake, kikachagua walinzi katika wana wake. Aliyekuwa akihesabiwa mwizi wa msitu akawa mlezi wake. Kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikavipa vijiji vya Tanzania nzima njia ya kuwa na misitu yao wenyewe. Na huku pwani, katika nchi ya Kilwa, vijiji vilivyolinda mpingo vikapata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, vikauza kwa haki na kujenga kwa mapato yake.

Huenda mtu akasema: “Mimi sikukata mti; nimenunua gunia la makaa sokoni tu.” Jawabu: Mali iliyoporwa haihalaliki kwa kupita mikononi mwa wachuuzi. Anayejua kuwa makaa au mbao zimeibwa katika msitu wa watu, kisha akanunua, amesaidia katika dhambi. Na asiyejua yampasa aulize: imetoka wapi, na kibali chake ki wapi? Aibu ilioje kwa msikiti ikiwa boriti zake ni za wizi!

Na watu wa pwani wanaijua bahari. Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, baadhi yao wakawa juu na baadhi chini. Wa chini wakataka kutoboa fungu lao wapate maji pasipo kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakishikwa mikono, wote huokoka. Basi bara na pwani ni jahazi moja: shoka la huko na jiko la huku hutoboa ubao mmoja.

Kwa hiyo kila mwenye nyumba na apunguze makaa, na anunue ya halali. Kila mwenye shamba na apande mti, kwani atakachokula humo mtu, au ndege, au mnyama, ni sadaka yake. Na kila mwenye sauti awatetee wanakijiji wasinyang’anywe walichokilea.

Ee Mola, wajaalie Waislamu wawe walezi wa amana Yako, wala usiwajaalie kuwa walaji wa mali ya mkiwa. Amin.