Ukumbi Uliorudishiwa Sauti

Jijini Prague, kando ya mto Vltava, lipo jengo la Rudolfinum, lililofunguliwa mwaka 1885. Ndani yake mna ukumbi wa muziki na nyumba ya sanaa. Humo, tarehe 4 Januari 1896, mtunzi wa muziki Antonín Dvořák, mtoto wa mwenye bucha kijijini, aliongoza onesho la kwanza la okestra ya Czech Philharmonic. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi ukageuzwa bunge. Fidla zikapisha hotuba. Wakati wa Vita vya Pili, muziki ukarudi kati ya nguzo zile zile. Watawala walipita, sanaa ikabaki. Nasi tuzitunze kumbi zetu, wajukuu wazikute.