Je, Ni Halali Kumuua Mdudu kwa Ajili ya Picha?



Leo naomba tutafakari swali ambalo wengine wataliona la mchezo: je, ni halali kumuua mdudu ili upate picha nzuri? Najua kuna maswali mazito zaidi, ya ajira, ya ndoa, ya ada za wadogo zetu. Lakini hili niliulizwa na kijana mwenzangu wa VIWAWA, na kadiri nilivyojaribu kulijibu ndivyo nilivyoona linagusa mambo tunayoyakiri kila Jumapili tukisema Mungu ni Muumba wa vyote.

Mimi hupiga picha za viumbe wadogo huku kwetu Kilwa Masoko, kwenye mikorosho na kando ya mikoko. Mkoa wetu wa Lindi unajulikana duniani kwa kiumbe mkubwa kupita kiasi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wa kale pale Tendaguru. Wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikasafirishwa hadi Berlin. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho kule, kimo chake zaidi ya mita 13. Huyo kila mtu anamjua. Lakini buibui wa milimita 6 anayeishi kwenye jani la mkorosho nyuma ya nyumba, nani anamjua?

Huyo ndiye ninayempenda mimi. Ni yule buibui mdogo asiyetega utando, anayewinda kwa kuruka. Duniani zipo aina zaidi ya 6,000 za jamii yake. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari, na ukimsogelea anageuka kukutazama usoni. Kwa kweli anakutazama! Mara ya kwanza kuona hivyo kwenye kioo cha kamera nilinyamaza.

Sasa, kumpiga picha si rahisi. Ukikisogelea sana kitu kidogo, lenzi haiwezi kukiona chote safi kwa mara moja. Sehemu inayotokea vizuri inakuwa nyembamba, chini ya milimita moja. Jicho likiwa safi, mguu una ukungu. Unaweza kubana tundu la lenzi ili sehemu safi iongezeke, lakini ukibana mno picha nzima inapoteza makali. Kwa hiyo watu wanapiga picha nyingi mfululizo, wakisogeza fokasi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, halafu programu ya kompyuta inachukua sehemu safi ya kila picha na kuziunganisha ziwe moja. Tunaita kurundika fokasi.

Halafu kuna mwanga. Magamba ya wadudu wengi yanang'aa kama bati jipya. Flashi ikipiga moja kwa moja unapata madoa meupe, rangi zote zimepotea. Ndiyo maana tunaweka kitu cheupe kinachopitisha mwanga kati ya flashi na kiumbe. Mimi natumia kipande nilichokata kwenye dumu jeupe la plastiki. Mwanga unatawanyika, unafika laini kutoka pande nyingi, na rangi zilizofunikwa na ule mng'ao zinatokea.

Tatizo ni kwamba buibui hajui kama yuko studio. Ukitaka kurundika picha 30 au 40, lazima asitikisike kabisa. Naye anatembea, anasafisha uso, anaruka. Upepo wa kusi nao unatikisa jani. Ndipo unapokutana na ushauri unaozagaa mitandaoni: mweke kwenye friji apoe. Wengine wanasema wazi: muue, mbandike kwa gundi, upige kwa raha zako. Rafiki yangu aliponiona nahangaika aliniambia, "Dada, weka kwenye friji tu. Hata akifa, si mdudu?"

Si mdudu? Tukae hapo kidogo.

Tukisoma sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, tunaona kwamba viumbe vitambaavyo vinaumbwa na Mungu anaona kuwa ni vyema, kisha ndipo anaumbwa mwanadamu. Yaani wema wao haukusubiri sisi tufike kuwatazama. Kitabu cha Hekima, sura ya 11, kinasema Mungu anavipenda vyote vilivyopo na hakichukii chochote alichokiumba. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416, inafundisha kwamba wanyama, kwa kuwapo kwao tu, wanamtukuza Mungu, na kwamba tunapaswa kuwatendea kwa wema. Kwa kuwapo kwao tu! Hakuna sharti la faida.

Hapo kwenye faida ndipo wengi tunapoteleza. Chukua majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mkorosho na mwembe kwa nyuzi za mabuu yao. Wanauma vibaya, lakini wanawawinda mbu wa mikorosho wanaoharibu machipukizi, kwa hiyo mkulima anayejua hawachomi moto. Majimoto ana mtetezi kwa sababu ana kazi kwetu. Buibui wangu hana mtetezi wa namna hiyo. Mtetezi wake ni Muumba wake peke yake, nami namtafuta kwa sababu moja tu, kwamba ni mzuri.

Rafiki yangu hakukubali haraka, na hoja zake zina uzito. Alisema: "Jana umekanyaga sisimizi wangapi njiani? Nyumbani mnapuliza dawa ya mbu. Unakula kamba na pweza. Leo unamlilia buibui mmoja?"

Ni kweli, na Katekisimu haituambii tuishi kama watu wasiogusa kitu. Namba 2417 inaruhusu kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Namba 2418 inaongeza mambo mawili: kuwatesa au kuwaua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu, na pia si haki kuwapa wanyama upendo unaowastahili watu. Kwa hiyo tusizidishe. Mama anayepuliza dawa chumbani anamlinda mtoto na malaria. Mkulima anayeua mbu wa mikorosho analinda ada ya shule. Mtafiti anayehifadhi kiumbe ili aina yake ijulikane ana sababu anayoweza kuisema wazi. Swali ni langu mimi: sababu yangu ni ipi? Nikiisema kwa sauti inakuwa hivi: "Nilitaka miguu ya nyuma nayo ionekane." Ijaribu kuisema mbele ya Ekaristi, uone inavyosikika.

Akaleta hoja ya mwisho, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. "Lakini watu elfu wakiiona picha hiyo watapenda uumbaji. Buibui mmoja afe, wengi wapone." Nililifikiria hilo siku kadhaa, kwa sababu nami natamani siku moja kazi hii initunze, na picha isiyo na ukungu ndiyo inayouzika.

Jibu nililofikia ni hili. Ikiwa kiumbe kinamtukuza Mungu kwa kuwapo, basi picha yangu inataka kuwaonyesha watu ule utukufu. Nikimuua nimeizima sifa yenyewe, halafu nawaalika watu waje kuitazama. Tena hata picha inakuwa ya kitu kingine. Buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini. Akifa msukumo unaisha, miguu inajikunja ndani. Inabidi uinyooshe kwa kibano na kumpanga ili aonekane hai. Hapo umeshaongeza uongo juu ya kifo. Na lile lililoninyamazisha mimi, kwamba aligeuka akanitazama, halimo tena.

Kurundika picha kwenyewe sioni kuwa ni uongo. Kila kipande ni cha kweli, na miguu ile ipo hata kama jicho langu haliwezi kuiona yote kwa pamoja. Mpiga picha Levon Biss wa Uingereza alionyesha mwaka 2016, kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, picha kubwa za wadudu zilizounganishwa kutoka picha zaidi ya 8,000 kila moja. Wadudu wale walitoka kwenye hifadhi ya makumbusho, na yeye hakuficha hilo. Uongo unaanza pale tunapomwonyesha mfu na kusema yu hai.

Basi tufanyeje, tuache? Hapana. Alfajiri kabla jua halijapanda, upepo umetulia na viumbe wengi bado wazito. Unaweza kupata picha tano au sita mkono ukiwa umeegemea tawi. Flashi ikiwekwa kwenye nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi mno, hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, kwa hiyo inawahi mtikisiko. Usivunje kiota, usichane jani lililoshonwa. Akiondoka, mwache aende. Picha zangu nyingi zina mguu mmoja wenye ukungu, na laiki zake ni chache kuliko za wenye friji. Nimekubali bei hiyo. Ule ukungu unanikumbusha kwamba alikuwa na safari zake.

Na hapa ndugu zangu, swali linatoka kwenye mkorosho na kuingia barabarani. Bodaboda ikianguka, simu ngapi zinanyanyuliwa kabla ya mkono wa kumwinua majeruhi? Mgonjwa anapigwa picha hospitalini, anapostiwa na maneno "tumwombee", bila mwenyewe kuulizwa. Tunamtaka atulie, awe picha yetu. Mtu ana thamani kuliko buibui wengi, sina ubishi. Lakini nadhani moyo unaojizoeza kumwacha buibui aende zake utapata nguvu kidogo ya kuishusha simu pale penye damu.

Maswali ya kutafakari wiki hii: Ni kitu gani nakiharibu kwa sababu tu nataka kionekane vizuri kwenye ukurasa wangu? Na ni nani niliyemgeuza kuwa picha, wakati alihitaji msaada wangu?

Tusali: Ee Mungu Muumba wetu, wewe uliyemjua buibui wa mkorosho kabla yetu, utupe macho ya kuona kazi zako na mikono isiyozinyang'anya uhai bila sababu. Utufundishe kuridhika na kile tunachopewa kuona. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.