Ng'ombe Aliyeonekana Saa Nane Mchana



Ukisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 22 ukiwa hapa Kakesio, katika hifadhi ya Ngorongoro, huhitaji mtu wa kukufafanulia. Musa anasema na wafugaji. Ukimwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yako anatangatanga, anasema, usijifiche, mrudishe. Mwenyewe akiwa anaishi mbali, au humfahamu, mpeleke mnyama kwako, akae na mifugo yako hadi atakapokuja kuulizwa. Punda hali kadhalika, na nguo, na kitu chochote kilichopotea. Katika mistari michache tu, onyo la kutojificha linarudiwa tena na tena. Mungu anatufahamu. Wengi wetu hatungemwiba ng'ombe yule. Tungegeuza uso tu tukaendelea na safari.

Nawaomba wiki hii tukae na agizo hilo. Mara nyingi tukizungumza habari za usalama wa vitongoji vyetu, tunaanza na wezi, tunakwenda kwa simba na fisi, kisha tunaishia kwa serikali: polisi wako mbali, barabara ni mbovu, mtandao wa simu unapatikana mlimani tu. Hayo ni kweli, na ni haki yetu kuyadai kwa wanaohusika. Lakini kuna sehemu ya usalama ambayo hakuna askari atakayetufanyia, na ndiyo hiyo Musa anayoigusa.

Tazama boma jioni. Ng'ombe wanarudi na vumbi lao, na mama amesimama langoni kwake. Hahesabu. Anawatambua mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, na anajua kabla wa mwisho hajaingia kwamba yule mwekundu mwenye baka jeupe hayupo. Hapo ndipo hatari ya siku hiyo inapoanza. Jua linazama, baba amesafiri mnadani, na aliye karibu ni mtoto wa miaka tisa au kumi aliyerudi shule akiwa hajala. Anapewa fimbo. Anaambiwa, nenda utazame kule korongoni.

Agosti 2021, humu humu Ngorongoro, watoto watatu wa shule waliuawa na simba wakiwa porini kutafuta ng'ombe waliopotea. Sitawaongezea uchungu wazazi wao, wala sisemi kwamba kuna mtu aliyewaona wanyama wale akanyamaza. Nasema jambo ambalo kila mmoja wetu analifahamu. Ng'ombe anayetafutwa saa moja usiku, mara nyingi kuna mtu aliyemwona saa nane mchana. Alikuwa na haraka. Aliona alama ya sikio si ya ukoo wake. Alidhani mwenyewe yuko karibu. Akapita. Ile hatua aliyoikwepa mtu mzima mchana, anakwenda kuitembea mtoto usiku.

Kwa hiyo naomba tukubaliane waziwazi katika jumuiya zetu: mtoto hatumwi porini giza likiingia, hata ng'ombe awe wa maziwa, hata awe ndiye pekee. Wanaume waende, wawili au zaidi, wakiwa na tochi. Wakishindwa, ng'ombe alale nje. Najua ninachokisema. Kwa familia yenye ng'ombe wanne, mmoja ni chakula cha watoto, na sitaki kulizungumza kana kwamba ni jambo jepesi. Ndiyo sababu jirani aliyemwona mchana ana wajibu mkubwa hivyo.

Tunao vijana wanaotuonyesha njia. Kwa miaka zaidi ya kumi sasa shirika la KopeLion limekuwa likiwaajiri vijana wa Kimasai na wa Kidatoga katika hifadhi hii, wanaoitwa Ilchokuti. Wengi wanawafahamu kama watu wa simba, na ni kweli wanafuatilia nyayo za simba na kuwaonya wachungaji wapi wasilishe leo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yao ni ile ya Musa: kutafuta mifugo iliyopotea, kutafuta wachungaji waliopotea, kuziba maboma yaliyolegea, kutibu wanyama waliojeruhiwa. Simba akikosa ng'ombe wa kukamata usiku, morani hana sababu ya kuchukua mkuki asubuhi. Naona ni kazi ya heshima sana, na mzazi ambaye kijana wake anaifanya ashukuru.

Katika sura hiyo hiyo ya 22, mistari michache mbele, kuna sheria ambayo tunaipita haraka. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka ukawa na hatia ya damu. Kule kwa Waisraeli watu walikaa juu ya paa jioni, na paa lilikuwa bapa. Hapa kwetu hatukai juu ya nyumba. Ukingo wetu ni uzio wa miiba. Wote tunajua lango linavyofungwa: matawi ya mgunga yanavutwa kwa shina kutoka ndani, miiba ikibaki upande wa nje, na anayetaka kuingia hana pa kushika. Lakini boma moja lina milango ya familia kadhaa, na uimara wake wote ni uimara wa mlango ulio dhaifu kuliko yote. Mjane ambaye vijana wake wako mjini, nani anamkatia matawi? Mzee ambaye mgongo umegoma? Fisi hachagui mlango wa mwenye nguvu. Nehemia alipojenga upya ukuta wa Yerusalemu aliwapanga watu wengi wajenge mkabala na nyumba zao wenyewe, na ukisoma sura ya 3 vizuri utaona wapo waliomaliza sehemu yao wakachukua na ya pili.

Sasa nifike kwenye jambo gumu zaidi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinarudia agizo la mnyama aliyepotea, lakini safari hii mwenye mnyama ni adui yako. Sisi wa Kakesio tunaishi pembeni kabisa mwa hifadhi. Tuna ndugu wa Kidatoga ndani ya vitongoji hivi hivi. Upande wa magharibi ni Meatu, kwa Wasukuma. Upande wa ziwa Eyasi wapo Wahadzabe. Historia ya kuibiana mifugo tunaijua, na kila upande una orodha yake ya makaburi.

Majirani zetu wa Usukuma walipata somo ambalo linatuhusu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia maeneo ya Kahama, wanavijiji walijipanga wenyewe: Sungusungu. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka, na nyayo za ng'ombe zilifuatwa kutoka kijiji hadi kijiji bila kukatika. Wizi ulipungua sana, na serikali ikaja kulitambua jeshi hilo la jadi. Nalisifu lile la kuitikia yowe. Asiyetoka jirani yake anapolia hana haki ya kulia kesho. Lakini mikono ile ile iliwapiga washukiwa kabla ya kuwasikiliza. Na katika nchi ile ile, bibi vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kosa lao likiwa macho mekundu. Macho mekundu! Mama zetu wote wana macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Ulinzi usiokuwa na sikio unaua asiye na hatia, na anayeuawa hivyo ni jirani pia. Tukimkamata mtu, apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, kisha polisi, akiwa mzima.

Wazee wetu walikuwa na ulinzi mwingine usiotoa damu. Mgeni akifika bomani, anakaribishwa, anapewa maziwa au chai, kisha habari zinaulizwa kwa utaratibu: umetoka wapi, umelala kwa nani, nyasi zikoje huko, umekutana na nani njiani. Baada ya nusu saa boma zima linamjua, na yeye anajua kwamba anajulikana. Mwenye nia njema anaondoka ameshiba. Mwenye nia mbaya anaondoka akijua sura yake imetazamwa vizuri. Siku hizi naona tunawapita wageni kimya, simu masikioni, na desturi hii inatutoka mikononi.

Siwezi kumaliza bila kusema juu ya maboma yaliyobaki matupu. Tangu Juni 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni, kwa mpango wa serikali. Wapo walioondoka, wapo waliobaki, na mambo haya yamegawanya ndugu wa tumbo moja. Sitawaambia nani ana haki kwa kila jambo. Madai yenu mmeyapeleka panapohusika na yanastahili kusikilizwa. Ila aliyehama asiitwe msaliti mbele ya watoto wake, na aliyebaki asidhihakiwe. Mzee mmoja wa jumuiya zetu anapougua, na wanawe wote wako Handeni, sitaki kusikia kwamba hakuna aliyempelekea maji kwa sababu ya karatasi ya kuhama waliyoijaza wanawe.

Kuanzia Jumapili hii, katika vigango vyetu, baada ya matangazo ya ndoa tutasoma matangazo ya mifugo. Aliyepotelewa alete rangi, alama ya sikio na upande ambao mnyama alionekana mara ya mwisho. Aliyeokota alete vivyo hivyo. Katekista atayaandika kwenye daftari Jumamosi jioni. Ya Wadatoga yatasomwa, na ya watu wa Meatu, na ya wasiosali popote. Vijana wenye simu wayapeleke kwa wenyeviti wa vitongoji siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hawajarudi.