Ushuhuda Umetolewa, Hofu Bado Ipo

Kuna swali ambalo watu huniuliza nje ya kanisa, wameshusha sauti. Mtu aliyesimama mbele yetu akashuhudia kwamba Bwana amemponya saratani, akiogopa usiku kwamba itarudi, je, amemkana Mungu?

Mimi ni mume wa mtu kama huyo. Mke wangu alimaliza matibabu ya saratani ya matiti, tukashuhudia, mkatupigia makofi. Lakini daktari hakusema yameisha kabisa. Alimwandikia tembe za kumeza kila siku kwa miaka mitano, na kadi ya kliniki yenye tarehe za kurudi. Sasa akishinda shambani akipalilia viazi, jioni mgongo ukiuma, anajiuliza kama ni jembe au ni ule ugonjwa. Mimi najiuliza hivyo hivyo, upande wa pili wa kitanda. "Mama, umelala?" "Nimelala, mzee." Tangu lini mtu aliyelala akajibu!

Kila mmoja ananyamaza ili asimtishe mwenzake. Huo ni upendo, siukatai. Lakini matunda yake ni watu wawili wanaoogopa kitu kimoja, kila mtu peke yake.

Wengi hapa mnamkumbuka Dkt. Joyce Laboso. Aliwahi kufundisha hapa kwetu Egerton kabla ya siasa. Mapema miaka ya 1990 alipatikana na saratani ya matiti, akatibiwa. Baada ya hapo alikuwa mbunge wa Sotik kuanzia 2008, Naibu Spika mwaka 2013, gavana wa Bomet mwaka 2017. Saratani ikamchukua tarehe 29 Julai 2019. Mke wangu akisikia habari hiyo, anasikia kwamba ilirudi. Mimi nasikia zaidi ya miaka 25 ya kazi na kulea watoto. Habari ni moja, nyumba ni moja, na tusingejua tunaisikia tofauti kama hatungeizungumza.

Tunafundishwa tusiukiri ugonjwa kwa vinywa vyetu. Sawa. Ila someni Mathayo 26 polepole. Yesu alijua atafufuka, alikuwa amewaambia wanafunzi mwenyewe. Hata hivyo kule Gethsemane aliwachukua Petro na wana wa Zebedayo, akawaeleza jinsi roho yake ilivyolemewa na huzuni, akawaomba wakeshe pamoja naye. Hakuwaomba wamhubirie. Kama Mwana wa Mungu alitamka hayo kwa rafiki zake, kwa nini mke asimtamkie mumewe? Kumwambia mwenzako kwamba unaogopa si kukosa imani. Kinachonisumbua zaidi ni yule anayekosa kliniki kwa kuwa alishashuhudia, asije akaonekana ana shaka. Huyo anaulinda ushuhuda wake kuliko mwili aliopewa na Mungu.

Kusema ukweli, hofu ya waume mara nyingi ina hesabu ndani. Ng'ombe waliuzwa, harambee ilifanywa, na marafiki walishatoa. Ikirudi, utaanzia wapi? Mwanaume anaona aibu kutaja pesa mbele ya mke mgonjwa, kwa hivyo anakuwa mkali bila sababu, na mke anafikiri amechokwa. Ndugu yangu, taja hizo pesa. Afadhali ajue unahesabu kuliko adhani umemchoka.

Kwetu tulikubaliana hivi. Maumivu yakipita wiki mbili, tunaenda hospitali bila kungoja tarehe. Wiki ya kliniki tunapanda matatu pamoja mpaka Nakuru, hata kama kuna maziwa ya kupeleka. Na usiku, anayeamka kwa hofu anamwamsha mwenzake. Si lazima tuombe kwa sauti. Siku zingine tunakaa tu, tunakunywa chai ya saa tisa usiku.

Na nyinyi mnaokuja kututembelea, Mungu awabariki. Mkimaliza kumwombea mgonjwa, muulizeni na mwenzake kama ameweza kulala.