Huzuni ya Jirani Ni ya Nani?

Wandugu wasomaji, kwetu Kabambare mtu akifiwa, hakuna anayengoja kuitwa. Wamama wanafika na masufuria kichwani: huyu na unga wa muhogo, yule na sombe, mwingine na chupa ya mawese. Wanaume wanaleta kuni, wanawasha moto uani, wanalala hapohapo. Aliyefiwa hapiki, hachoti maji, wala haachwi peke yake. Wabangubangu, Wabuyu, Wahombo, Waislamu na Wakristu, sote tunaishika desturi hiyo. Wazee wetu hawakuwa na neno "afya ya akili". Walisema tu: twende tukakae naye.

Lakini kuna swali linalonisumbua. Siku za matanga zikiisha na watu wakirudi kwao, ile huzuni inabaki kuwa ya nani?

Ninauliza kwa sababu nami niko na deni. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alirudi kutoka ukimbizini bila mtoto wake. Tulilia naye, tulikula naye. Kisha kiangazi kikakaza, kila mtu akaenda kukata pori. Mwezi wa tatu nilipita kwake, nikamkuta amekaa mlangoni pa jiko lisilo na moto.

"Mama, habari ya siku nyingi?"

"Niko tu, mwanangu. Mawazo mingi."

Nikamwambia lile neno tunaloambiana wote: "Vumilia, mama." Nikapita. Mbele kidogo aibu ikanishika. Nilimwambia avumilie, na mimi nilikuwa ninaenda kula na watu wangu.

"Vumilia" si neno baya. Lakini likisemwa na mtu aliyesimama, mwenye haraka, maana yake ni: beba mwenyewe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kabla ya kumfundisha mtu uvumilivu, tukae kwanza kwenye kitanda chake.

Wengine watasema: kila nyumba iko na yake. Uasi wa 1964 ulipita hapa, vita ya 1996 ikapita, ya 1998 ikapita, na miaka ya karibuni watu wa upande wa Salamabila wamekimbia mara nyingi. Nani atamlilia nani? Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa makadirio kwamba katika nchi zilizoguswa na vita, karibu mtu mmoja kwa watano ana ugonjwa fulani wa akili. Barza yenye watu kumi, hesabu wawili. Kwa hiyo tusidhani tunazungumza juu ya "wale wengine". Na kama mzigo ni wa wote, hiyo ndiyo sababu ya kuubeba kwa zamu.

Mila na dini zilijua kwamba huzuni haiishi siku ya tatu. Waislamu wa Kasongo na Kabambare wanakumbuka arobaini, na mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Majira nayo yalikuwa na nafasi kwa mtu mwenye moyo mzito. Masika yakianza, kuna uyoga wa kuchuma, kuna kumbikumbi wa kuokota pamoja na watoto, kuna mpunga wa kupanda. Kiangazi kuna mashamba ya kufungua kwa kusaidiana, na jioni barza. Yule mwenye huzuni alipewa kazi ndogo: kuchambua sombe, kupeta mchele, kumenya karanga. Halazimishwi kusema. Mikono inafanya kazi katikati ya mikono mingine, na siku ikifika, neno linatoka lenyewe.

Mambo hayo si ya kizamani. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, pale Harare nchini Zimbabwe, alianza na bibi 14 waliofundishwa kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi: ndiyo "mawazo mingi" ya kwetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na mabibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Hata hivyo tusijisifu mno. Ujamaa unaoponya unaweza pia kuumiza. Mgonjwa wa akili anaitwa mchawi, au anafungwa kamba. Siri ya mtu inageuka hadithi ya sokoni. Mwanaume anakatazwa kulia, kisha tunashangaa akizama katika lutuku. Tena sombe haitibu kifafa. Mtu anayesikia sauti, asiyelala wiki nzima, au anayesema anataka kufa, apelekwe kituo cha afya. Nasema apelekwe, maana kumwambia "nenda" ni kumwacha tena.

Mvua ya kwanza iliponyesha, nilirudi kwa yule mama pamoja na mke wangu. Tulibeba uyoga na unga kidogo. Hakutusemesha. Mke wangu akawasha moto, akaanza kuosha uyoga. Baada ya kitambo mama akavuta beseni kwake, akasema: "Hii iko na muchanga mingi, munaosha vibaya." Siku ile tulikula watatu. Hakupona siku ile. Lakini hakula peke yake, na tangu hapo jikoni kwetu tunajua siku yake.

Basi, wandugu, jibu langu ni hili. Sahani ya siku za matanga tunaipeleka kwa heshima ya marehemu, na ni vema. Sahani ya mwezi wa tatu ni ya yule aliyebaki, na hiyo ndiyo tunayodaiwa. Kila mmoja wetu amfikirie jirani ambaye watu wameacha kumtembelea. Asingoje kuitwa. Siku ya matanga hakungoja.