Kabla Hamjavaa Fulana

Wajukuu zangu, mtu akiwaambia kwamba Mlimba ni ngome ya chama fulani, mwacheni amalize, kisha mwulizeni: tangu lini? Mwaka 2015, jimbo la Mlimba lilipomegwa kutoka Kilombero, lilimpeleka bungeni Suzan Kiwanga wa CHADEMA. Kule Ifakara nako, kwenye jimbo lililobaki la Kilombero, wakamchagua Peter Lijualikali wa chama hichohicho. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yakaenda CCM, na hapa kwetu akashinda Godwin Kunambi. Watu ni walewale, mpunga ni uleule, na tope la masika halikubadilika. Sasa ngome iko wapi?

Kwamba kura ya 2020 ililalamikiwa nchi nzima, nalijua. Najua pia kuwa 2025 CHADEMA haikuwamo hata kwenye karatasi ya kura. Sitawaambia mjifanye hamkuona. Ninachosema ni kwamba mtu wa hapa, akiachiwa nafasi ya kuchagua, humpima aliye mbele yake. Desturi hiyo ni ya kale kuliko vyama vingi. Enzi za chama kimoja tulipewa wagombea wawili wa ubunge, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba, wote wa chama kilekile. Mwaka 1965 waziri wa fedha mzima, Paul Bomani, aliangushwa huko Mwanza. Hakuangushwa na wapinzani, maana hawakuwapo. Kura ya rais ndiyo iliyokuwa ya ndiyo au hapana, na hiyo ni hadithi nyingine.

Nawasikia pale stesheni, mkisubiri abiria na pikipiki zenu, mnavyobishana siasa kama Simba na Yanga. Mpira mbishanie mpendavyo. Timu ikifungwa, hakuna anayenyang'anywa shamba. Lakini wako ndugu waliofikia kutozikana kwa ajili ya uchaguzi wa 2015. Wengine waliwatukana wajomba zao wakimtetea Edward Lowassa, aliyetoka CCM Julai mwaka huo akawa mgombea urais wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Machi 2019 akarudi CCM. Lijualikali naye alihamia CCM 2020, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa wilaya ya Nkasi. Siwalaumu, mtu ana haki ya kuhama. Ila wao walihama wakapokewa kwa makofi, nanyi mkabaki na mjomba asiyeitikia shikamoo yenu. Mkitaka ugomvi, tafuteni wenye faida.

La pili, na hili linaniuma zaidi. Mlimba haina mwenyewe mmoja. Ndiyo, Wandamba ni wa bonde hili la Kilombero tangu zamani, na Wapogoro, Wabena na Wahehe ni majirani wa miaka mingi. Lakini mji huu ulikuzwa na reli. TAZARA ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975, walishuka hapa watu wa kila upande, kwa sababu Mlimba ndipo bonde linapokwisha na treni inaanza kupanda kwenda Makambako, mahandaki na madaraja juu ya madaraja. Wengi hawakurudi kwao. Baadaye wakaja wafugaji na ng'ombe wao, na mwishoni mwa 2012 ikapita operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, iliyoacha majeraha ambayo bado yanauma. Basi kila uchaguzi hutokea mgombea anayewanong'oneza wakulima kwamba atawafukuza wafugaji, na jioni yake yuko kwa wafugaji anawaahidi malisho. Huyo msimpe kura, hata akiwa wa chama mnachokipenda. Atawatoza nyote, wakulima na wafugaji.

Fulana za kampeni pokeeni, kofia pokeeni, ni vitambaa tu na jua la bondeni ni kali. Anayetaka kadi yako ya mpiga kura aandike namba, mnyimeni. Ndani ya kituturi uko peke yako, na hakuna balozi wala mtendaji anayeona unapoweka vema. Kura zikishahesabiwa, fomu ya matokeo hubandikwa kituoni. Isomeni, na simu mnazo, ipigeni picha.

Lakini nguvu zote mnazipeleka kwa mbunge na rais, halafu uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji mnaulala. Mbunge hagawi ardhi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayosimamia ardhi hiyo ni halmashauri ya kijiji, na ugawaji lazima upate kibali cha mkutano mkuu, ambao ni wenu nyote mliotimiza miaka 18. Mwekezaji akija anataka ekari za mpunga, hapo ndipo jambo huanza, na mara nyingi hapo ndipo hukwisha, siku ambayo vijana mko kwenye banda la video. Mwaka 2019 vyama vya upinzani vilisusia uchaguzi huo wa serikali za mitaa, na wenyeviti wengi wakapita bila kupingwa. Mwaka 2024 ukafanyika tena, na bado wapo kati yenu wasiomjua mwenyekiti wao kwa jina.

Na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo? Kila mgombea huilaani jukwaani. Mwulizeni mwenyekiti ni lini mara ya mwisho alisimama kwenye ghala na mizani, akamzuia mnunuzi anayeshona kilemba juu ya gunia la mpunga wa mama yako. Mwulizeni mkutanoni, kwa adabu, na mkatae kukaa mpaka mtendaji aliandike swali hilo kwenye muhtasari.

Mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Msipoitwa, nendeni mkaulize kwa nini. Mkiitwa, wahini mkae mbele, maana wanaokaa nyuma huwa hawasikii mtendaji anaposhusha sauti kwenye hesabu.