Je, Miguu ya Mtoto Yaweza Kulipa Masomo Yake?



Jioni moja, mafundisho yalipokwisha, baba mmoja wa kijiji chetu alibaki nyuma penye mlango wa shule, akiwa na barua mkononi. Shule moja ya mjini, iliyo mali ya mtu binafsi, ilimwandikia kwamba itamsomesha mwanawe bure, itamlisha na kumvika, kwa sababu kijana anacheza mpira vizuri sana. Sharti lake: afanye mazoezi kila siku, asubuhi kabla ya masomo na jioni baada yake, wala asikose mchezo hata mmoja.

Baba akaniambia: «Mwalimu, nina watoto sita na shamba moja la mihogo. Nikikataa, mtoto huyu hatasoma tena. Nikikubali, naogopa kwamba nimemkodisha kama mtu akodishavyo baisikeli. Niseme ndiyo ao hapana?»

Siku ile sikumjibu. Swali lake ni zito, na wengi wenu ni wazazi. Basi na tulitazame pamoja.

Kwanza: je, ni vibaya mtu kulipiwa masomo kwa ajili ya nguvu za mwili wake? Hapana. Nguvu ni zawadi ya Mungu, sawasawa na akili. Mtoto hodari wa hesabu akisaidiwa kusoma, sisi sote tunafurahi. Kwa nini tumhuzunikie yule aliye hodari wa mbio? Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakristo wa Korinto kwa mfano wa washindani uwanjani, wala hakuwadharau.

Pili: jambo hili ni patano, na kila patano lina pande mbili. Kijana anatoa jasho lake, shule inatoa elimu. Haki yataka kila upande utoe kweli kile ulichoahidi. Kijana anayekula chakula cha shule na kuyatoroka mazoezi ni mwizi. Lakini shule inayochukua jasho lake asubuhi na jioni, kisha ikamwacha asinzie darasani na kumpa alama asizostahili ili aendelee kucheza, nayo ni mwizi. Tena imeiba kitu kisichoweza kurudishwa, ndiyo miaka ya ujana.

Mtaona jambo hili wazi zaidi mkitazama Marekani, maana kule desturi hii imekomaa. Vyuo vikuu vingi, vya serikali na vya watu binafsi, huwalipia masomo vijana wanaocheza vizuri. Chama kinachotawala michezo hiyo, kiitwacho NCAA, kiliona kwamba mazoezi yanameza masomo. Mwaka 1991 kikaweka sheria: wakati wa mashindano mwanafunzi asishikwe na mchezo zaidi ya saa 4 kwa siku, wala zaidi ya saa 20 kwa juma, tena apewe siku 1 ya kupumzika. Sheria ni njema, lakini si kila saa inayohesabiwa. Safari, kwa mfano, hazimo. Mwaka 2014 wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa Northwestern, chuo kikuu cha watu binafsi karibu na Chicago, walipeleka shauri mbele ya ofisi ya serikali inayoangalia mambo ya kazi, wakitaka wahesabiwe kuwa wafanyakazi. Mwamuzi aliona kwamba wakati wa mashindano wanautumikia mchezo saa 40 hata 50 kila juma. Mwaka 2015 wakubwa wake walikataa kuliamua shauri lile, lakini hesabu ya saa ilibaki imeandikwa. Mtu aliyetumikia saa 50, atafungua kitabu saa ngapi?

Lakini yuko pia aliyeshika patano kwa uaminifu. Wengi wenu mmesikia jina la Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mtu wa urefu wa mita 2.18. Mwaka 1987 alikwenda Georgetown, chuo kikuu cha mapadri Wajesuiti mjini Washington. Hakuitwa kwa ajili ya mchezo: alipewa msaada wa masomo na serikali ya Marekani, naye alitaka kuwa daktari. Huko mwalimu wa mpira wa kikapu, John Thompson, akamwona na kumwingiza katika timu yake. Thompson alikuwa mkali, na mwaka 1984 timu yake iliwashinda wote katika mashindano ya vyuo vya nchi ile. Hata hivyo, ofisini mwake aliweka mpira mmoja usio na pumzi, wachezaji wauone kila waingiapo. Aliwakumbusha kwamba siku moja pumzi itatoka, na kila mtu atajiuliza amebaki na nini. Karibu wote waliokaa kwake miaka 4 walimaliza masomo yao.

Mutombo naye alimaliza mwaka 1991, akapata shahada katika elimu ya lugha na ya diplomasia. Ndipo akaenda kucheza kwa mshahara. Hakuwa daktari, lakini alitoa fedha nyingi ili hospitali ijengwe Kinshasa, yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Yeye alifariki mwaka 2024, na wagonjwa bado wanapokelewa.

Mtu ataniambia: «Mwalimu, huyo ni mmoja tu. Vijana wengi mno walicheza, wakarudi nyumbani mikono mitupu.» Ni kweli. Kwa hiyo tusiipime shule kwa mshindi wake. Tuipime kwa yule aliyeumia goti.

Nami siwezi kumhukumu mwalimu wa mjini bila kujihukumu. Mwaka jana, kabla ya mashindano ya shule za misioni, nilimtoa kijana huyu huyu katika saa za hesabu, siku baada ya siku, kusudi tushinde. Tulishinda, tukapewa mpira mpya. Hata leo hajui vema kugawanya. Hakuna aliyenilaumu, maana kijiji kizima kilikuwa kikishangilia. Ndiyo hatari ya kosa hili: hufanywa katikati ya vigelegele, na dhamiri haisikiki.

Basi nilimwita yule baba, nikamwambia: «Baba, nenda ukaulize mambo matatu. Nani atamfundisha masomo anayoyakosa kwa sababu ya safari? Je, atakuwa na siku ya kupumzika, na Dominika yake? Na akivunjika mguu, ataendelea kusoma ao atarudishwa kwako?»

Alikwenda. Kwa maswali mawili ya kwanza mkubwa wa shule alijibu vizuri. Kwa la tatu alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Tutaona.» Baba hakukasirika. Alisema kwa heshima: «Bwana, siku mtakapoona, mniandikie katika karatasi; siku hiyo nitamleta.» Akarudi pamoja na mwanawe.

Karatasi hiyo haijafika. Wako watu kijijini wanaosema kwamba amepoteza bahati ya nyumba yake, naye usiku mwingine hapati usingizi. Sitawaambia kwamba hakupoteza kitu. Lakini mtu anayeutaka mguu wa mtoto, wala hataki kuahidi neno juu ya mtoto mwenyewe, amekwisha kujibu.

Siku hizi kijana huja kwangu kila jioni. Tunagawanya hesabu mpaka giza linapoingia, maana deni hilo ni langu. Kisha huchukua mpira wake na kwenda.